Jicho la Nje Ndani ya Gereza

Mfungwa aliyebakwa na askari wa gereza mara nyingi hulazimika kupeleka malalamiko kwa askari wenzake na huyohuyo aliyembaka, jambo ambalo ni sawa na kesi ya ngedere kumpelekea nyani, na ndiyo maana sishangai wengi wakinyamaza.

Kanuni za Mandela, yaani kanuni za kima cha chini za kuwatendea wafungwa zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka ukaguzi wa ndani uambatane na ule wa chombo kisicho chini ya uongozi wa magereza, chenye mamlaka ya kufika bila taarifa, kusoma kumbukumbu na kuzungumza na wafungwa faragha. Kwangu mimi uzito wote uko katika neno hilo la mwisho, kwa kuwa mfungwa anayehojiwa huku askari amesimama mlangoni atasema kwamba kila kitu ni shwari.

Marekani ilitunga sheria ya kutokomeza ubakaji magerezani mwaka 2003, na viwango vilivyotolewa mwaka 2012 vinataka kila gereza likaguliwe walau mara moja katika miaka mitatu. Hata hivyo, mkaguzi hulipwa na mamlaka ileile inayokaguliwa (sijui nani angeuita huo uhuru), na kwa kawaida gereza hujua mapema siku ya ukaguzi.

Ningependa pia wakaguzi warudi wiki chache baadaye, bila kutangaza, wawatafute walewale waliozungumza nao, na waulize kama kuna aliyehamishwa, aliyenyimwa ziara za ndugu au aliyefungiwa peke yake tangu siku ile.