Mikono juu ya dawati

Jana jioni mwanangu alisoma "dada" mahali palipoandikwa "baba". Akasita, akaniangalia usoni. Ule mtazamo naujua vizuri mno.

Kanuni za darasa letu ziliandikwa kwa chaki kwenye kona ya juu ya ubao, na hazikufutwa kamwe. Usiongee bila ruhusa. Usigeuke nyuma. Mikono juu ya dawati. Nilikuwa nazo kichwani kabla sijaweza kuzisoma, maana kila asubuhi tulizitamka kwa pamoja, na kukariri ndiko nilikokuwa hodari. Hadithi ya kitabuni nikiisikia mara mbili naisema yote, kidole kikipita chini ya mistari kana kwamba nasoma. Siku tulipobadilishiwa kitabu ndipo nilipoumbuka.

Kwangu ba be bi bo bu na da de di do du zilifanana kabisa. Lile tumbo la herufi lilihama, leo upande huu, kesho ule. Na aliyekosea kusoma alisimama mpaka apatie. Nilisimama sana. Miguu huzoea, lakini neno "mvivu" sikulizoea, kwa sababu nyumbani nilikuwa nakesha na kitabu kile kile.

Jirani yangu wa dawati, msichana mdogo kuliko sisi wote, ndiye aliyenisaidia. Kunja ngumi zote mbili, akaninong'oneza, simamisha vidole gumba, halafu zitazame. Ya kushoto ni b. Ya kulia ni d. Nikaona! Tangu hapo kila nilipoitwa kusoma nilishusha mikono chini ya dawati, nikachungulia, nikaendelea. Kwa siku chache nilisoma nikiwa nimekaa kama wenzangu.

Kisha mwalimu akaiona mikono yangu haipo mahali pake. Alidhani nimeficha kitu. "Mikono juu!" Nikaipandisha, na neno lililofuata likanishinda. Yule msichana akaanza kunieleza, na kwa kuongea bila ruhusa akasimamishwa ukutani mpaka kipindi kikaisha. Hakuninong'oneza tena. Sikumlaumu hata siku moja, ila mpaka leo naumia kwamba mtu pekee aliyenifundisha kusoma aliadhibiwa kwa kunifundisha.

Mwalimu naye alihitaji utulivu. Darasa lilijaa, asingesikika bila kanuni, nalikubali hilo. Lakini hakuniuliza mikono ile ilikuwa inafanya nini, na lilikuwa swali moja tu.

Ukubwani ndipo nilipolijua jina la jambo hili: disleksia, ugumu wa kuoanisha herufi na sauti zake, usiohusiana na uvivu wala upungufu wa akili. Mwaka 1896 daktari mmoja wa Uingereza, W. Pringle Morgan, aliandika katika jarida la kitabibu habari za Percy, kijana wa miaka 14, mwerevu na mwepesi michezoni, ambaye aliandika jina lake mwenyewe "Precy" asione kosa. Mwalimu wake alisema kwamba kama mafunzo yote yangekuwa ya mdomo, huyo angekuwa hodari kuliko wote shuleni. Hapo nilirudi mwanzo wa sentensi nikaisoma tena, polepole kama ninavyosoma kila kitu, machozi yakanitoka. Percy alikuwa na mwalimu aliyeona.

Watoto wengi wanaoanza kusoma huchanganya b na d, na baadaye huacha. Kwangu haikuacha kirahisi. Kwa mwanangu huenda itapita yenyewe, bado ni mdogo.

Jana sikumsahihisha. Nilikunja ngumi, nikasimamisha vidole gumba, nikaziweka juu ya meza mbele yake. Akaiga. Akaitazama ngumi yake ya kushoto kwa muda, akarudi kwenye ukurasa.

"Baba," akasoma.