Ile "kumbe" niliyorudi nayo kutoka Yogyakarta

Nimerudi Tanga baada ya miaka sita Yogyakarta, Indonesia. Asubuhi ya kwanza nilikwenda Ngamiani kwa mama mdogo, nikamkuta ameinamia jiko la vitumbua kama nilivyomwacha. Nilimwamkia, lakini moyoni nilikuwa namuona mama mwingine.

Kwenye kichochoro nilikopanga chumba alikuwa akipita mama muuza jamu, vinywaji vya mitishamba vya Wajava. Chupa zake hukaa ndani ya kikapu anachokifunga mgongoni kwa kitambaa, vilevile sisi tunavyombeba mtoto kwa mbeleko. Kwangu alijua: Jumatatu kunyit asam, ya manjano na ukwaju; nikiwa na uchovu, beras kencur, ya mchele uliosagwa na mzizi wa kencur, jamii ya tangawizi. Alikuwa akiamka saa tisa usiku kusaga na kuchemsha. Desemba 2023 UNESCO iliutambua utamaduni wa jamu kuwa urithi wa binadamu, nami nilifurahi kana kwamba ni yeye aliyetajwa.

Kisha binti yake akaanza kumsaidia. Mtu akampiga video bila kumuomba, akaisambaza: muuza jamu mrembo, watu wabaki midomo wazi, ternyata... Neno hilo ndiyo "kumbe" yetu, na kule linavutia sana watu kubofya. Muuza bakso, ile supu ya mipira ya nyama, kumbe ana shahada! Fundi ujenzi, kumbe ana sura ya mwigizaji! Inaniuma sana "kumbe" hiyo. Maana yake ni kwamba anayetoka jasho hakutegemewa kuwa na uzuri wala akili.

Wakaja vijana na simu zao, sita kwa glasi moja. Chini ya video watu wakaujadili mwili wa yule binti kama nyama buchani. Aliacha kutoka. Mama yake akabadili njia, na bibi jirani yetu, aliyekunywa jamu yake kila siku, akawa anakaa mlangoni kumngoja bure.

Nilidhani nimeyaacha huko. Juzi mtoto wa dada yangu kanijia mbio: "Mama mkubwa, hebu ona!" Binti anapaa samaki, maandishi yanapiga kelele, na kumbe ni ileile. Nikamuuliza anauzia wapi, samaki gani, fungu bei gani. Hakujua, na video ameitazama mara tatu.

Jana kijana alisimama mbele ya jiko la mama mdogo, simu juu. Nilimwambia amuombe kwanza. Akaishusha, akaona haya, akamwamkia. Mama mdogo akaitikia marahaba, akafuta mikono, akajitanda kanga vizuri.

"Haya piga, mwanangu. Na uandike vitumbua vipo hapa kuanzia saa kumi na mbili, saa mbili vimekwisha."