Hata Mimi Sikulala

Juzi jioni, jirani mmoja alinisalimu kwenye genge la mboga hapa Uyole, nami nikamjibu, "Nzuri." Tulipoachana naye, mwanangu akauliza, "Mama, mbona umesema nzuri, na wewe una homa tangu jana?" Sikumjibu njiani. Swali lake lilinirudisha Tukuyu, kwenye msiba wa bibi, nilipokuwa na umri wa miaka 9.

Tulifika usiku, katika baridi ya Julai, na mama akaingia moja kwa moja ndani walikoketi wanawake. Asubuhi nilitumwa kumpelekea chai kaka yake bibi, aliyekuwa akiota moto uani pamoja na wanaume wengine, wote wamejifunika mablanketi. Nilichuchumaa kama nilivyofundishwa, nikampa kikombe. Akaniambia, "Ugonile," salamu ya Kinyakyusa ambayo kwa asili yake ni kuuliza kama umelala, kisha akaongeza kwa Kiswahili, "Habari za hapa?"

Nilijibu yote mawili. Nilisema, "Sikulala, babu. Na habari si nzuri, kwa sababu bibi amekufa."

Mazungumzo kuzunguka ule moto yalikatika. Nakumbuka gogo bichi likitoa povu upande ambao moto haujashika, na nakumbuka mvuke wa chai ukipita mbele ya vidole vyake, maana huko ndiko nilikokuwa nikitazama. Nyuso za watu zilikuwa haziniambii kama wamekasirika, wamehuzunika au wanasubiri niendelee. Mama alitoka mbio, akanishika mkono na kumwomba mzee radhi. Mzee hakumtazama. Alikaa kimya muda mrefu, akaweka kikombe chini, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Hata mimi sikulala."

Usiku ule mama alinielekeza kwamba habari ikiulizwa hujibiwa nzuri kwanza, hata penye msiba, na lililopo hufuata baadaye. Niliandika kwenye daftari: za asubuhi, za nyumbani, za kazi, za siku nyingi, kila moja na jibu lake, nikazikariri kama jedwali la kuzidisha. Mpaka leo huzirudia kimoyomoyo mlangoni kabla ya kuingia dukani au ofisini, na mtu akichomekea swali ambalo sikulitarajia, narudi nyumbani nimechoka kama niliyeshinda shambani nikilima.

Nilipokuwa na miaka 33 daktari aliniambia kuwa nina usonji, hali ya kuzaliwa nayo inayomfanya mtu aelewe mazungumzo na ishara za watu kwa namna tofauti na wengi. Baadaye nikasoma hoja aliyoitoa mwaka 2012 Damian Milton, mtafiti wa Uingereza ambaye naye ana usonji, kwamba kutoelewana kati yetu wenye usonji na watu wengine kuna pande mbili, wala si upungufu wa upande mmoja. Niliposoma hayo nilimkumbuka yule mzee, na nikalia. Sijui kama alinielewa, au kama alikuwa tu amechoka kusema nzuri tangu kulipokucha.

Jana nilimsimulia mwanangu kisa hiki chote. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Basi mwalimu akiniuliza habari za nyumbani, nimwambie una homa?"

Nilimwambia anipe muda nifikiri. Bado nafikiri.