Nyasi zinazokunywa ukungu kule Namib

Wengi wakienda Namibia wanakimbilia Sossusvlei kupiga picha kwenye ile michanga myekundu, na mimi nilifika, ila kilichonikamata moyo ni nyasi, tena nyasi ambazo ukiwa kwenye gari unazipita tu.

Kutoka Walvis Bay, mji wa pwani, tuliingia jangwa la Namib kwa barabara ya vumbi mpaka Gobabeb, kituo cha utafiti kilichopo pale tangu 1962, tukalala hapohapo. Alfajiri ukungu wa baharini ukawa umeshaingia, baridi balaa, tukavuka mto Kuiseb kwa miguu (mkavu, mchanga mtupu) na kuanza kupanda matuta ya mchanga, maana ng'ambo ile ya kusini ndo yanapoanzia.

Huko juu ndo nikaziona, Stipagrostis sabulicola kwa jina la kitaalamu, mafungu mafungu yananifika kifuani, majani magumu yana ncha kama sindano. Nikachuchumaa nikaangalia jani moja kwa karibu, lina vifereji vimelala kwa urefu wake, ukungu unanasa unakuwa vitone, vitone vinaungana, kikishakuwa kizito kinateleza na kifereji mpaka shinani, na mchanga wa pale shinani umelowa kabisa wakati hatua moja pembeni ni mkavu unamwagika vidoleni!

Mvua kule ni ya kusikia tu, sasa hizi nyasi wala hazihangaiki kushusha mizizi chini kutafuta maji, mizizi inatambaa juujuu, sentimita 10 kwenda chini haizidi, ila kwa pembeni inaweza kufika hata mita 20. Aliyetuongoza alikuwa mkali kweli, "kaka zunguka huku, hapo unakanyaga mizizi", na nikamuelewa, kwa hiyo nikifikiria watu wanaorusha mapikipiki ya magurudumu manne kwenye matuta kwa raha zao roho inaniuma, kwa sababu fungu moja likifa wanaolitegemea ni wengi, wadudu, mijusi, mpaka yule fuko mdogo wa mchangani anayewinda humohumo.

Sossusvlei tulienda baadae, pazuri sana sibishi, picha zipo kibao.

Mwenye mpango wa kwenda Gobabeb awasiliane nao mapema, pale si hoteli ya kufika na begi tu, halafu uamke kukiwa bado giza, jua likishapanda majani yanakauka huoni kitu.