Tokeni ya Pampu

Kwenye ploti yetu hapa Umoja, Nairobi, watu hawagombani sana kwa sababu ya muziki au watoto. Wanagombania pampu. Maji ya mfereji huja kwa zamu, yanajaza tangi la chini, kisha pampu inayasukuma hadi matangi ya juu ya paa. Pampu na taa za ngazi zinatumia mita moja ya tokeni, yaani stima unayolipia kabla ya kutumia, na tokeni yenyewe wapangaji ndio tunaoichangia. Ole wetu stima iishe Jumamosi, kila nyumba imeloweka nguo.

Awali tulikuwa tunamtumia pesa keteka, yule mzee anayetunza jengo, basi. Minong'ono ikaanza. Siku moja Mama Shiku alisimama kwenye ngazi na ndoo tupu akamuuliza mbele ya watu: "Mzee, elfu mbili ya mwezi jana ilitufikisha tarehe ishirini. Leo ni kumi na mbili. Zingine zimeenda wapi?" Mzee wa watu hakujibu. Aliendelea kufagia.

Iliniuma. Jioni niliketi naye tukafungua ujumbe wa tokeni kwenye simu yake, mmoja baada ya mwingine. Chini ya zile tarakimu 20 za kuingiza kwenye mita kuna yuniti ulizopata, pesa iliyonunua stima yenyewe, na makato. Pesa ilikuwa ileile, yuniti zimepungua. Tangu bei za Aprili 2023, stima ya nyumbani ina madaraja matatu: hadi yuniti 30 kwa mwezi, hadi 100, na zaidi ya 100. Anayetumia nyingi hulipa bei ya juu kwa kila yuniti. Sasa mita inayovutia maji jengo zima itakosaje kupita 100? Hakuna aliyekula hata shilingi.

Tangu hapo kuna daftari limefungwa kwa kamba kando ya mita. Ukinunua tokeni unaandika tarehe, pesa, yuniti, na nani amechanga. Yeyote akishuka anasoma. Mama Shiku alimwomba Mzee msamaha palepale ngazini, na nilimheshimu sana kwa hilo.

Kugawana sawa kwa sawa pia tuliacha. Shosho wa chini anaishi peke yake na mitungi yake miwili. Kumlipisha sawa na nyumba ya watu sita ni kumwonea. Analipa nusu. Baba Kevo, anayefua mazulia ya wateja, alisema mwenyewe kwamba maji ya kazi atanunua kwa mkokoteni.

Nimekataa kabisa jambo moja: kuanika majina ya wenye madeni kwenye grupu ya WhatsApp. Kijana mmoja wa ghorofa ya tatu alisimamishwa kazi huko Industrial Area. Alibisha kwangu usiku akaniambia. Mwezi ule aliosha ngazi zote badala ya kuchanga, na kwenye daftari tuliandika "amelipa". Jirani ukimwaibisha mbele ya watu leo, kesho mtoto wako akizidiwa usiku utamgongea nani?

Kilichobaki ni taa za ngazi. Hizo si zetu, ziko ndani ya kodi tunayolipa, na tumemwandikia mwenye nyumba azibebe sisi tubaki na pampu. Amesema atakuja mwisho wa mwezi. Msemaji wetu ni Mama Shiku.