Nilivyoifufua Land Rover 109 ya jeshi nyuma ya nyumba yangu, Mtwara

Hii gari niliikuta Nachingwea mwaka 2021, chini ya mkorosho, imezama mchangani mpaka nusu ya rimu na kuku wanataga kwenye siti ya dereva. Mi nauza vifaa vya ujenzi hapa Mtwara mjini, siku hiyo nilipeleka mabati kwa mteja, nikiwa nasubiri vijana washushe mzigo nikaona pua ya Land Rover imetokeza kwenye majani nikasogea. Bampa ya mbele ina pete nene za kuvutia, nyuma kuna ndoano kubwa ya trela, nikainama chini nikakuta kitaa kidogo kinachoimulika difu (lile boksi la gia katikati ya eksili ya nyuma), na difu yenyewe imepakwa rangi nyeupe. Aisee moyo ulidunda. Hicho kitaa ni cha msafara wa jeshi, usiku magari yanatembea bila taa kubwa, dereva wa nyuma anaifuata ile nyeupe tu, gari ya kiraia haitoki nacho kiwandani.

Nikaenda kumwamkia mwenye gari, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, tukakaa kwenye mkeka. Aliinunua kwenye mnada wa serikali miaka ya 90, akabebea korosho misimu kadhaa mpaka injini ikagoma, akaiacha hapo. Akaniambia, "Hiyo imebeba wapigania uhuru wa Msumbiji, usiione hivyo." Nachingwea FRELIMO, ndo hao wapigania uhuru, walikuwa na kambi kubwa ya mafunzo kwahiyo stori kama hizo kule ni za kawaida, kila chuma cha zamani kina yake. Mi nikaangalia dashibodi, saa zake ziko mbele ya steringi sio katikati, maana yake hii ni Series III, yaani toleo la tatu la hizi Land Rover za zamani, na zilianza kutoka 1971. Msumbiji wamepata uhuru Juni 1975. Sina karatasi ya kuthibitisha maneno ya mzee ila tarehe hazimkatai, na kwangu ilitosha.

Bei tuliongea siku mbili, tukamalizana kwa milioni mbili na laki nane. Kabla ya kutoa hela niliomba kadi ya gari, alikuwa nayo kwenye nailoni ndani ya sanduku, nikalala chini upande wa kulia mbele pale springi inaposhikwa na chesesi maana namba ya chesesi imegongwa pale, nikasugua kutu kwa brashi ya waya, nikapaka chaki, namba zikatokea moja moja. Zikalingana na kadi. Wewe unayetaka kununua gari ya aina hii usipande pikipiki kurudi mjini hujalala chini pale.

Tukaipandisha kwenye Fuso lililokuwa linarudi Mtwara tupu, likapita Masasi, usiku likafika Shangani, mtaani kwangu. Gereji yangu ni banda la mabati nyuma ya nyumba, nguzo za mikaratusi, sakafu nilimwaga zege mwenyewe. Bahari iko karibu kiasi kwamba upepo wa kusi ukivuma chumvi unaisikia mdomoni, na hii chumvi ndo stori yenyewe ninayotaka kuwaambia, mengine yote ni kufungua na kufunga.

Nilianza na injini kwasababu ndo raha, na hapo nilikosea mpangilio. Ile petroli ya lita 2.25, silinda nne, ilikuwa imekamata haizunguki. Nikatoa plagi, nikachanganya ATF (oili ya gia boksi ya otomatiki) na dizeli nikamwaga kwenye matundu yote manne, nikaacha siku tisa, kila jioni nikirudi dukani naongeza kidogo. Siku ya kumi nikaingiza hendeli, ile fimbo ya kuwashia injini kwa mkono, mbele nikaisukuma taratibu, ikatoa mlio kama mlango wa zamani ikasogea robo mzunguko, nilipiga kelele mpaka mama watoto akatoka jikoni akidhani nimebanwa. Na hapo kwenye hendeli nawaomba sana, kidole gumba kiweke upande mmoja na vidole vingine, usiizungushe ile fimbo kama unavyoshika jembe, injini ikirudisha kinyume inavunja gumba au kifundo cha mkono.

Kabureta ni Zenith na ugonjwa wake unajulikana, uso wa juu unapinda kwa joto halafu petroli inapita pasipotakiwa, nikaweka msasa laini juu ya kioo cha dirisha nikausugua mpaka ukawa bapa. Pointi za distribyuta nikaweka uwazi wa milimita 0.4, tapeti zote (nafasi za valvu) nikapima kwa fila geji inchi 0.010, nikapanga waya za plagi kwa mpangilio wa silinda kuwaka, 1-3-4-2. Tanki ziko mbili, chini ya siti za mbele, moja ilikuwa imeoza nikaitoa, nyingine nikaweka mnyororo na maji ya sabuni ndani tukaitikisa mi na kijana wangu mpaka mikono ikafa ganzi. Fundi mmoja alitaka aichomelee ile iliyotoboka nikakataa, tanki la petroli hata likiwa tupu mvuke unabaki, likishika moto linapasuka kama bomu. Umeme haukunisumbua, yangu ni ya volti 12, sio zile zilizofungwa redio za jeshi zenye volti 24, nikavuta waya mpya zote wikendi mbili basi.

Mwezi wa pili ikawaka. Majirani walikuja, watoto wakapanda nyuma, mi nikiwa na furaha ya ajabu nikasema sasa bado rangi tu. Fundi welda wa mtaani kwetu, mtu mzima mtaratibu sana, hakusema kitu, akachukua bisibisi akaingia uvunguni, akaisukuma kwenye chesesi nyuma ya gurudumu la kushoto. Ikazama mpaka kwenye mpini. Akaniita, "Njoo uone kaka." Akachoma na pale bodi inapokalia mikono ya chesesi, ikazama tena, kutu ikamwagika kama unga wa muhogo.

Watu wengi wanasema Land Rover haiozi kwasababu bodi ni aluminiamu. Ni kweli bodi ni aluminiamu, baada ya vita kuu ya pili chuma Uingereza kilikuwa cha mgao, walipoitoa ya kwanza 1948 wakatumia aluminiamu wakaendelea hivyohivyo. Lakini chesesi ni chuma, na ule ukuta kati ya injini na kabini ni chuma, fremu za milango chuma. Chesesi yenyewe ni boksi, bati nne zimechomelewa kwenye kona, ndani iko wazi, maji na mchanga vikiingia havitoki na inaoza kuanzia ndani wewe nje unaona rangi nzuri. Halafu pale aluminiamu inapogusana na chuma, ukiweka maji ya chumvi katikati inakuwa kama betri, aluminiamu inaliwa inageuka unga mweupe. Ndo maana gari iliyokaa Nachingwea, mbali na bahari, miaka yote hiyo chini ya mkorosho ilikuwa na nafuu, ukiileta Shangani bila kuitibu inakwisha mbele ya macho yako.

Kwahiyo tukavua bodi yote. Hapo ndo nikakutana na habari ya spana, bolti zote ni za inchi na mafundi wetu hapa boksi zao ni za milimita. Kumi na moja inaingia kwenye 7/16 vizuri tu, ila kumi na tatu kwenye nusu inchi inacheza inakula kona za nati, na 9/16 ndo balaa, kumi na nne haiingii kumi na tano inateleza. Nilipoteza wiki nzima kukata bolti kwa grainda ambazo zingefunguka kwa mkono. Mwisho nikaagiza seti ya soketi za inchi Gerezani, Dar, zikaja na basi, kazi ikawa nyingine. Agiza hizo kabla hujagusa hata nati moja.

Chesesi tuliishughulikia miezi mitano. Kabla ya kukata chochote fundi alichomelea vyuma vya pembe kuvuka huku na huku ili isipinde, akapima mshazari kona kwa kona kwa kamba, akaandika vipimo ukutani kwa chaki ya njano. Tulikata palipooza mpaka tukafika chuma kinacholia ting ukikigonga, sio kinachosema pwa, na tukaweka bati la milimita 3 kipande kipande. Boriti ya nyuma yote tulitengeneza upya, mikono minne ya kushikilia bodi tukatengeneza upya. Nilikuwa nafika kutoka dukani saa kumi na moja namkuta kashika tochi, namshikia bati, tunaenda hivyo mpaka giza. Baada ya hapo redi oksaidi mikono miwili, rangi nyeusi juu yake, na ndani ya boksi nilipasha moto grisi na oili chafu nikaipuliza kwa kompresa kupitia matundu ya chini mpaka ikaanza kudondoka ncha nyingine. Inanuka, inachafua sakafu mwezi mzima, lakini ndo inayolinda.

Kila mahali bodi inapokaa kwenye chesesi nimeweka vipande vya tubu ya lori, na bolti zimepakwa grisi kabla ya kuingia. Aluminiamu kabla ya rangi inataka praima yake, ukipaka rangi moja kwa moja inabanduka kama ganda la kitunguu. Rangi sikurudisha ya jeshi. Niliwaza sana hili maana nilitaka irudi kama ilivyotoka, ila sare na alama za jeshi kwa raia sio kitu cha kuchezea hapa kwetu na sikutaka kusimamishwa kila kizuizi nikijieleza, nikapaka rangi ya maziwa. Kile kitaa cha nyuma nimekiacha, na difu nimeirudishia nyeupe yake.

Breki zilitaka kunitoa machozi. Masta silinda mpya, wili silinda zote mpya, mbele kila gurudumu lina mbili, mabomba mapya, halafu pedo inazama mpaka chini. Nilitoa upepo siku tatu, chupa nne za mafuta ya breki, kijana anakanyaga mi nafungua, hakuna kitu. Mafundi watatu walikuja kila mmoja akasema masta silinda mbovu irudishwe. Mzee mmoja aliyewahi kuwa dereva wa misheni kule Ndanda alikuwa anapita akasimama akasikiliza, akaniambia kaza kwanza adjasta za shuu zote, zile za kusogeza shuu kwenye dramu, mpaka magurudumu yasizunguke kabisa, ndo utoe upepo, ukimaliza zilegeze. Shuu zikiwa zimebana dramu pistoni hazina pa kusogea, ukikanyaga hewa inatoka. Nikafanya hivyo, nusu saa pedo ikawa ngumu kama jiwe. Nilimpelekea kilo ya samaki jioni ile, akakataa hela.

Machi 2023 niliitoa barabarani, Shangani mpaka Mikindani na kurudi. Haikimbii, ukifika kilomita 70 mlio wa gia boksi unajaza kabini huongei na mtu, steringi unaiongoza kwa bega. Ila pale Mikindani niliizima mbele ya bahari, joto linatoka kwenye boneti, nikakaa tu kwenye kizingiti cha mlango kama nusu saa nzima bila kushika simu.

Desemba ile niliipeleka Nachingwea. Mzee alizunguka mara mbili, akafungua boneti mwenyewe, akashika hendeli akasema niizime aiwashe kwa mkono. Gumba akaliweka upande mmoja na vidole, sikumwambia mimi. Ikakubali mara ya pili.

Kilichobaki saivi ni yale mapira ya chuma kwenye ncha za eksili ya mbele, kutu imeyatoboatoboa kwahiyo yanakula sili, oili inavuja kulia zaidi. Nimepata mapya, yamekuja na basi juzi usiku. Jumamosi nafunga la kulia.