Hawa mbwa chotara wa kuzalishwa makusudi, tuongee ukweli

Hili swali naulizwa sana kwa sababu ya kazi yangu, mi naosha na kunyoa mbwa, na siku hizi wengi wanaopanda mezani kwangu ni hawa Labradoodle, Goldendoodle, Cockapoo, Cavapoo, Maltipoo, yaani chotara waliochanganywa na Poodle, yule mbwa wa manyoya ya kujikunja, na majina mapya yanazaliwa kila kukicha. Swali ni hivi, je ni haki kuchukua mbwa wa mbegu mbili tofauti ukawapandisha makusudi ili upate chotara wa kuuza? Na anayeuliza mara nyingi tayari ana upande wake. Kuna watu wa mbegu safi ambao kwao chotara yeyote ni uchafu, na kuna wale wanaoamini chotara ndo mbwa bora kuliko wote, eti haugui, haleti aleji, hatoi manyoya, anapenda watoto. Mi siko kwa hao wala kwa hawa. Kuchanganya mbegu hakunisumbui hata kidogo. Kinachonisumbua ni mbwa kuuzwa kwa ahadi ambayo mzalishaji mwenyewe hana uwezo wa kuitimiza, halafu ahadi ikivunjika anayeumia ni mbwa.

Tuanze na huyo Labradoodle maana ndo aliyefungua mlango. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kule Australia kulikuwa na bwana anaitwa Wally Conron, alikuwa anasimamia uzalishaji wa mbwa wa kuongoza vipofu kwenye chama cha mbwa waongozaji cha kifalme. Akapata ombi la mama mmoja kipofu wa Hawaii, anahitaji mbwa wa kumuongoza lakini mumewe ana aleji ya mbwa. Conron akajaribu Poodle kwanza, akapitia Poodle 33 na hakuna hata mmoja aliyeiweza ile kazi, ndo akaamua kumpandisha Labrador na Poodle. Wakazaliwa watoto watatu. Wakachukua sampuli za manyoya na mate zikatumwa Hawaii zipimwe kwa yule mume, na kati ya wale watatu ni mmoja tu, Sultan, ambaye hakumletea shida.

Naomba usipite hapo haraka. Mmoja kati ya watatu, baba mmoja mama mmoja, tumbo moja. Yaani ukweli wote kuhusu aleji ulikuwepo tangu siku ya kwanza na aliyeuona ni yule yule aliyeanzisha. Sasa wale wawili waliobaki ilibidi wapate familia za kuwalea, na ingawa kulikuwa na watu kwenye foleni wakisubiri mbwa, hakuna aliyetaka chotara. Conron akaenda kwa watu wa matangazo wa chama chake akawaambia tangazeni kuna mbwa mpya anaitwa Labradoodle. Simu zikaanza kuita. Mbwa ni wale wale waliokataliwa juzi, kilichobadilika ni tangazo tu. Miaka mingi baadaye, 2019, akiwa mzee, alihojiwa na shirika la utangazaji la Australia, ABC, akasema hilo ndo jambo analolijutia maishani, kwa sababu watu wakadandia wakaanza kuchanganya chochote na chochote bila kujali afya ya mbwa. Mi simlaumu yule mzee. Alikuwa na mtu mwenye shida halisi, alikuwa na wazazi wanaojulikana historia yao, na kila mtoto alipimwa kabla ya kwenda popote. Waliomfuata wakachukua jina wakaacha vipimo.

Na hii aleji ndo ahadi inayouzwa kuliko zote, kwa hiyo niikalie kidogo. Watu wengi wanadhani aleji inatokana na manyoya, kwa hiyo mbwa asiyetoa manyoya hana aleji. Sivyo. Kinachomchokoza mtu ni protini, ya kwanza wanayoitaja wataalamu inaitwa Can f 1, ipo kwenye mate na kwenye mba za ngozi, manyoya ni kibebeo tu. Mbwa akijilamba amejipaka mwili mzima. Mwaka 2012 watafiti wa Uholanzi walichapisha utafiti wakilinganisha mbwa wanaosifiwa kuwa hawaleti aleji, wakiwemo Poodle na Labradoodle, na mbwa wa kawaida, na walichokuta ni kwamba hao wanaosifiwa ndo walikuwa na Can f 1 nyingi zaidi kwenye manyoya yao. Vumbi la sakafuni kwenye nyumba zenye Labradoodle lilikuwa nayo kidogo zaidi, hilo tuseme kwa haki, lakini ile ya hewani, ile unayoivuta puani, haikuwa na tofauti kati ya mbegu na mbegu. Na tofauti kati ya mbwa mmoja na mwenzake wa mbegu ile ile ilikuwa kubwa kuliko tofauti ya mbegu kwa mbegu. Kwa hiyo mtu akikuambia huyu mtoto wa wiki nane hataleta aleji nyumbani kwako anakuambia kitu ambacho hakijui, na mtoto wako akianza kupiga chafya na kubanwa kifua, mbwa ndo anahamishwa, tena akiwa ameshawazoea.

Ahadi ya pili ni afya. Utasikia chotara ana damu mpya hivyo haugui. Kuna ukweli ndani yake, ndo maana inauzika. Mbwa wa mbegu moja wamezalishwa kwenye kundi dogo miaka mingi, jeni mbovu zikakutana mara nyingi, ukileta damu ya nje unapunguza uwezekano wa mtoto kurithi nakala mbili za ubovu ule ule. Lakini hiyo inafanya kazi pale tu ambapo wazazi wawili hawana ubovu unaofanana, na Labrador na Poodle wanao. Kuna ugonjwa wa macho wa kurithi unaitwa prcd-PRA, unaua retina, ile sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, polepole mpaka mbwa anapofuka, na upo kwenye Labrador, upo kwenye Poodle, upo kwenye Cocker Spaniel pia, yule anayetoa Cockapoo. Ukipandisha wazazi wawili waliobeba jeni ya ugonjwa huo, hata kama wao wenyewe wanaona vizuri kabisa, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kupofuka, na majina mawili tofauti kwenye karatasi hayabadilishi hiyo hesabu. Nyonga mbovu ni hivyo hivyo. Ni kama kugawa karata, ukichanganya pakiti mbili zenye karata mbovu ile ile bado utaigawa kwa mtu. Na ukija kupandisha chotara kwa chotara hata ile faida ya damu mpya inapungua, halafu watoto wanatoka kila mmoja na sura yake, huyu manyoya ya kujikunja, huyu yamenyooka, huyu anamwaga nyumba nzima.

Mwaka 2024 chuo cha Royal Veterinary College cha Uingereza kilitoa utafiti mkubwa kuhusu Cockapoo, Labradoodle na Cavapoo, wakawalinganisha na mbegu za wazazi wao kwenye magonjwa 57 ya kawaida. Karibu asilimia 87 ya ulinganisho huo haukuwa na tofauti yoyote. Sehemu ndogo iliyobaki iligawanyika karibu sawa, kwingine chotara wako vibaya zaidi, kwingine afadhali. Basi. Si mbwa wabovu, lakini pia si mbwa wa ajabu. Ni mbwa.

Sasa watu wa mbegu safi msishangilie, maana na nyie mikono yenu si misafi. Mbegu zenu zote zilianza kwa kuchanganya, Doberman alitengenezwa karne ya 19 Ujerumani na mkusanya kodi aliyekuwa anataka mbwa wa kumlinda kazini, mkayafunga madaftari ya kuandikisha mbegu mkasema sasa basi. Mmefika wapi? Cavalier, yule mbwa mdogo anayechanganywa na Poodle kupata Cavapoo, fuvu lake limekuwa dogo kiasi ubongo haupati nafasi, na moyo wake unaanza kuvuja mapema, hali ilifika mpaka Mahakama ya Juu ya Norwei mwaka 2023 ikasema kuendelea kumzalisha vile kunakiuka sheria ya ustawi wa wanyama. Na mapema kwenye kesi hiyo hiyo mahakama ya Oslo ilishasema njia ya kutokea inaweza kuwa kumchanganya na mbegu nyingine, kwa utaratibu wa kisayansi. Au chukua Dalmatian. Dalmatian wote wa mbegu safi walikuwa na kasoro moja ya jeni inayojaza asidi ya yuriki kwenye mkojo, madume hasa wanapata mawe mpaka njia inaziba. Mwaka 1973 mtaalamu wa jeni wa Marekani, Robert Schaible, akampandisha Dalmatian na mbwa wa mbegu nyingine, Pointer, mara moja tu, halafu akawarudisha watoto kwa Dalmatian kizazi baada ya kizazi huku akichagua wasio na ile kasoro. Tatizo likaisha. Klabu ya mbwa ya Marekani iliwakubali rasmi mwaka 2011. Miaka 38! Madume wangapi wameteseka katikati kwa sababu watu wanaogopa damu ya nje. Huo ndo uchanganyaji ninaoupenda, kuna ugonjwa unaojulikana, kuna lengo, kuna mtu anayepima kila hatua.

Linganisha na yule anayepandisha kwa ajili ya rangi. Hii rangi ya madoadoa ya kijivu wanaiita merle, kwenye hawa wa doodle mara nyingi imeletwa kwa kuingiza damu ya Australian Shepherd, inapendeza sana kwenye picha. Ukiwapandisha wawili wote wa merle, mtoto mmoja kati ya wanne anaweza kupata nakala mbili za jeni ya merle, na hao wako kwenye hatari kubwa ya kuzaliwa viziwi au vipofu au vyote viwili, wengine na macho madogo yasiyofanya kazi. Hili linajulikana miaka mingi, hakuna wa kujitetea.

Kwangu mimi mambo haya yanafika kupitia manyoya. Mnunuzi kaambiwa hatoi manyoya, hakuna kazi. Hakuna anayemwambia kwamba manyoya yasiyodondoka yanabaki mwilini, laini ya chini inajisokota na ile ngumu ya juu, na kama hujapitisha kitana mpaka kwenye ngozi kila siku au kila baada ya siku moja yanafungamana. Juu mbwa anaonekana mrembo kabisa, brashi inapita juu juu. Ukiingiza vidole nyuma ya sikio unakuta kitu kigumu kama zulia, kwapani hivyo hivyo, katikati ya mapaja, chini ya mkanda wa shingo. Kila akinyanyua mguu ngozi inavutwa. Hapo hakuna kuchambua, ni kupitisha mashine chini kabisa taratibu, na manyoya yanatoka kipande kimoja kizima, ngozi chini yake nyekundu, ina unyevunyevu, pengine na kidonda ambacho hakuna aliyejua kipo. Masikio ukiyaachia damu inarudi kwa kasi na mbwa anaanza kuyatikisa kwa nguvu mpaka inabidi uyafunge kitambaa. Halafu mwenye mbwa anakuja analia kwamba nimemharibu. Mi namuelewa, hakudanganywa na mbwa, kadanganywa na aliyemuuzia, lakini inauma kuona mnyama amebeba maumivu miezi kadhaa huku kila mtu akimsifia alivyo kama mwanasesere.

Na kuna mmoja simuoni kabisa mezani kwangu, mama. Biashara hii ilivyo na haraka, nyuma ya watoto wengi wanaotangazwa kuna jike anayebebeshwa mimba kila joto likirudi, hatoki nje, hajulikani jina. Uingereza ndo wakaja na sheria inayoitwa ya Lucy, Cavalier aliyeokolewa mwaka 2013 kutoka shamba la kuzalisha watoto wa mbwa huko Wales, mwili wake umeisha kwa kuzaa. Tangu Aprili 2020 England dukani au kwa dalali haruhusiwi mtu kukuuzia mbwa wala paka mwenye umri chini ya miezi sita, inabidi ununue kwa mzalishaji mwenyewe umuone mtoto na mama yake, au uchukue kwenye kituo cha uokoaji. Ni sheria nzuri. Lakini hata pasipo na sheria, mtu akikataa kukuonyesha mama, we ondoka.

Kuna wanaosema mbwa wamejaa kwenye vituo vya uokoaji, kwa nini tuzalishe wengine? Hoja ina uzito, Marekani peke yake mwaka 2019 mbwa waliouawa kwenye vituo walikadiriwa kuwa 390,000. Ila hiyo inamgusa kila anayezalisha, wa mbegu safi na wa chotara, tusimtwike mmoja.

Juzi dada mmoja mteja wangu, ana jike mzuri wa Golden Retriever, aliniambia, "Kaka, nimepata dume la Poodle, nipandishe?" Sikumwambia ni dhambi. Nikamuuliza picha za eksirei za nyonga za wote wawili ziko wapi, vipimo vya macho viko wapi, watoto wakija tisa na ukapata wateja wanne utafanyaje, na mtu akishindwa mwaka wa tatu akakupigia simu utampokea mbwa wake? Hilo la mwisho akalijibu haraka, atampokea, na nikaamini. Akaenda kumpima jike wake, nyonga ziko sawa. Mwenye dume akasema mbwa wake ni mzima, anamuona kwa macho, kipimo cha nini. Nikamwambia dada, kwa huyo dume usipandishe. Hakupandisha, ingawa watu wawili walishataka kumlipa kabla hata ya mimba.